Bwana Shamba na Mashina Matatu

Watu wa Kiseke wakikuambia kwamba Bwana Shamba alikula hela za bangi, waulize walimwona nazo wapi. Kisha waambie waje dukani kwangu. Ile ripoti wanayoisema niliichapa mimi, kwa vidole hivi, yeye akiwa amekaa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki akinikataza kuweka mkato mahali ambapo yeye hakuweka mkato.

Jina lake silitaji. Limeshatembezwa vya kutosha na watu wasiostahili hata kulitamka. Alikuwa bwana shamba wa serikali miaka yote niliyomfahamu akiwa kazini, na alipostaafu hakuna aliyembadilishia cheo. Hata watoto wa chekechea walimwamkia hivyo: "Shikamoo Bwana Shamba." Naye angesimama, avue kofia, aitikie shikamoo ya mtoto kwa uzito ule ule wa shikamoo ya mtu mzima. Sasa amehamia Kahama kwa binti yake, na waliokuwa wakivuka barabara kumkwepa wamepata nafasi ya kusema wanachotaka.

Mimi nina duka la steshenari: kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Alikuwa mteja wangu tangu nilipofungua. Aliandika kwa mkono, herufi ndogo zilizosimama wima kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, na aliamini kwamba kompyuta ni mashine ya kuharibu maneno ya watu. Nikimaliza ukurasa alisoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi yake huku mimi nikifuatilia kwenye kioo. Neno ripoti hakuweza kulitamka. Alisema "lipoti", kama wazee wengi wa Usukumani, na wala halikumsumbua.

Kiunoni alining'iniza tepu ya kupimia. Ukimwambia shamba lako ni zuri alikukata kauli: "Usiniambie zuri. Niambie lina hatua ngapi na umetoa debe ngapi." Hakuwa na maneno matamu. Mtu akimwonyesha bustani yake kwa furaha, yeye aliinama, akafukua kidogo, akasema umemwagilia majani badala ya mizizi. Wengi walimwona ana roho ngumu. Lakini nyumbani kwake mchicha ulikuwa wa njano, nyanya zimekondeana, na mboga alinunua Kirumba sokoni kama sisi wote. "Mganga hajigangi," aliwahi kusema mwenyewe kabla hujapata nafasi ya kumcheka.

Siku aliyostaafu aliisafisha pikipiki ya serikali kwa mswaki. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjwa na mbuzi miaka mingi nyuma. Alinunua kipya kwa hela yake. Akajaza mafuta. Akaipeleka ofisini na funguo zote mbili. Aliyeipokea alicheka, akamwambia, "Mzee, hii si ya kwako, unahangaika nini?" Kabla mwezi haujaisha tuliiona pikipiki ile ile ikibeba kreti za bia kuelekea baa. Mimi nilikasirika. Yeye aliitazama ikipita, akasema, "Mnyororo umelegea." Basi.

Huyo ndiye wanayesema alihongwa.

Kwa nini ile kampuni iliyoagiza ripoti ilimtafuta yeye, hilo nalo lina sababu yake. Kulikuwa na mambo ya grinhausi, ile nyumba ya nailoni ya kulimia. Kikundi chetu cha akina mama, pamoja na mimi, tulitembelewa na kijana mwenye vipeperushi vya rangi: nyanya zinaning'inia kama zabibu, mwanamke anatabasamu. Tulimwita Bwana Shamba aje atupongeze. Alikuja na fimbo na kipande cha mfuko wa nailoni. Akaifunga nailoni kwenye fimbo, akaichomeka uwanjani, akasema tusiiguse. Baada ya wiki alirudi. Nailoni ilikuwa nyuzi nyuzi.

"Upepo huu unatoka ziwani," alisema. "Unachofanya kwa kipande hiki utakifanya kwa nyumba yenu. Nunueni pampu, limeni wazi. Jua la Mwanza halina bili."

"Lakini kipeperushi kinasema..." mmoja wetu akaanza.

"Nyanya haisomi kipeperushi, mama."

Hatukumsikiliza. Nyumba ile ya nailoni haikumaliza mwaka. Siku ilipochanika alikuja bila kuitwa, na sikumsikia akisema "niliwaambia". Alitusaidia kukunja vipande, akatuonyesha namna ya kuvikata viwe vya kuanikia dagaa. Tangu hapo ikajulikana mjini kwamba ukitaka kujua kilimo cha ndani, cha kitalu nyumba na cha wazi kinatofautianaje kwa gharama, mtu ni yule mzee wa Kiseke.

Kabla ya kufika kwenye kampuni lazima niseme habari ya Bibi Kabula.

Bwana Shamba alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Asubuhi moja polisi walimchukua ofisini kwake wakampeleka Kayenze, ufukweni, nyumbani kwa mjane mmoja aliyekuwa akifuga kuku wa kienyeji. Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na mashina matatu ya bangi. Mashina matatu, si gunia wala shamba. Walimtaka aangalie, kisha akatoe ushahidi.

Mahakamani aliulizwa swali moja: mimea ile iliota yenyewe, au ilipandwa?

"Ilipandwa," alijibu. "Imepishana hatua moja moja, kwa mstari. Imepaliliwa. Ina samadi shinani."

Bibi Kabula alipopewa nafasi, Bwana Shamba akiwa bado kizimbani, alisema ni dawa ya kuku. Ukija mdondo, alisema, huwawekea kuku wake majani yale, ndivyo mama yake alivyofanya na bibi yake kabla ya hapo. Watu walicheka. Karani alicheka. Nimeambiwa hata hakimu aliinamisha uso kuficha meno. Bibi akapewa kifungo ambacho kwa umri wake hakikuwa na tofauti na cha maisha.

Habari hii nilimtoa Bwana Shamba kidogo kidogo, kwa miaka, maana hakupenda kuisema. Siku moja nilimuuliza waziwazi.

"Mzee, hukumwonea huruma?"

"Niliulizwa swali la kilimo, nikajibu swali la kilimo."

"Yule ni bibi kizee."

"Shahidi hujibu alichoulizwa, mama. Ningesema iliota yenyewe ningekuwa mwongo."

Alisema hivyo, lakini kila mwezi nilimwona akinunua sabuni na sukari dukani kwa Mangi jirani yangu, akavifunga kwenye gazeti na kwenda gerezani. Kila mwezi bibi alikataa kutoka kumwona. Alimwachia askari vile vitu, akarudi. Sijui kama vilimfikia. Miaka ile yote hawakuonana uso kwa uso hata mara moja, na yeye hakuacha kwenda. Mtu aliyekuwa na hakika kwamba hakukosea anakwendaje gerezani kila mwezi? Sikumuuliza. Nilijua kuna kitu amekibana.

Sasa kampuni. Ilikuja na barua yenye nembo ya dhahabu, na mkurugenzi aliyevaa suti kwenye joto la saa saba mchana. Alimwambia Bwana Shamba kwamba wana kibali ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani, cha kulima "zao la kitabibu" la kuuza Ulaya, na kwamba wanahitaji mtaalamu wa kulinganisha gharama za kulilima kwa njia tatu. Zao lenyewe, alimwambia mwishoni, ni bangi.

"Ukakubali?" nilimuuliza aliponiletea karatasi za kwanza.

Alitazama mikono yake. "Tangu nistaafu, mama, hakuna aliyeniuliza swali."

Alifanya kazi ile miezi mitatu. Alipanda basi Nyegezi kwenda mpakani akaona mashamba yao kwa macho yake, alipima, aliuliza wafanyakazi pembeni, wakubwa wasiposikia. Malipo aliyoyataka ni nauli na chakula. Na ndiyo aliyopewa, pungufu. Nimesema nilichapa mimi. Nilichapa na risiti za nauli.

Ripoti yenyewe ilikuwa wazi kama mchana. Kulima ndani ya nyumba, aliandika, ndiko ghali kuliko kote: unazima jua la Mungu halafu unanunua jua jingine kwa umeme, unalipa taa, unalipa feni za kupoza joto la zile taa, na umeme ukikatika unalipa jenereta. Mazao yake yanafanana yote kwa ubora, hayo ndiyo wanunuzi wa dawa wanayoyataka, lakini hakuna mtu wa mshahara wa kawaida atakayeona faida yake. Kitalu nyumba ni cha kati kwa gharama ya kujenga, ila nailoni hubadilishwa, na ukanda wa ziwa una unyevu, ukungu unaingia kwenye maua na mavuno yote yanatupwa. Shamba la wazi ni rahisi sana kwa kila kilo, lakini zao halifanani, na wanunuzi hukataa sehemu kubwa. Kisha akaandika jambo ambalo lilimshangaza hata yeye: kwa njia zote tatu, mbolea na mbegu na maji si chochote. Kinachomaliza hela ni uzio, walinzi, vipimo vya maabara na vibali. "Hili si zao la mkulima," aliandika. "Ni zao la mwenye ukuta."

Baada ya hapo akaniambia niongeze mstari wa nne kwenye jedwali.

"Njia ziko tatu, mzee."

"Ongeza wa nne. Andika: Nyuma ya banda la kuku, mashina matatu. Maji, ya ziwa, bure. Samadi, ya kuku, bure. Jua, bure. Mlinzi, hakuna."

Nikachapa. "Na kwenye jumla ya gharama?"

"Andika: miaka ya bibi mmoja, mpaka leo haijajulikana."

Mkurugenzi alikuja dukani kwangu mwenyewe kuisoma. Alisimama hapo kaunta, miwani ya jua kichwani, akigeuza kurasa. Alipofika kwenye ule mstari alicheka kwanza, akidhani ni utani.

"Mzee, hii toa. Na hapa kwenye mavuno, tuweke maradufu. Wanahisa wanapenda kuona matumaini."

"Mavuno niliyapima."

"Najua. Lakini kwenye biashara tunaweka makadirio."

"Hayo makadirio weka wewe, kwa jina lako."

"Tutaongeza kitu kidogo kwako."

Bwana Shamba aliichukua ripoti mkononi mwa yule bwana, akaigonga mezani kulinganisha kingo zake, akamrudishia. "Hiyo ndiyo lipoti," alisema. "Ukiitaka, ichukue ilivyo. Usipoitaka, iache."

Aliichukua. Na mimi, mjinga, nikafurahi nikadhani tumeshinda.

Wiki chache baadaye alinijia nesi mmoja mstaafu wa Nyakato, mteja wangu, kutoa kopi ya kitambulisho. Anakwenda kununua hisa za kilimo cha dawa, aliniambia, kuna semina hotelini pale ziwani, na mtaalamu aliyefanya utafiti ni mzee wetu wa Kiseke. Akanionyesha kijitabu. Jalada lilikuwa na jina la Bwana Shamba kwa herufi kubwa. Ndani walikuwa wamechapa upya. Mavuno maradufu. Kitalu nyumba kinarudisha mtaji kwa msimu mmoja. Ukungu haukuwepo, walinzi hawakuwepo, mstari wa nne haukuwepo.

Nilifunga duka saa hiyo hiyo, nikamfuata nyumbani. Alisoma jalada, akasoma ndani, akaenda kuvaa viatu.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi na maua mezani. Mbele kabisa walikaa wageni wa heshima, watu wa kufunguliwa milango ya gari. Ukutani, kwa projekta, kulikuwa na jani la bangi kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu, kijani linang'aa, na watu wanalipigia makofi. Jani lile lile. Nilitazama kama kuna polisi atasimama aulize limepandwa au limeota lenyewe. Polisi walikuwepo, wawili, mlangoni, wakiwafungulia wageni.

Bwana Shamba alikwenda mpaka katikati akashika kipaza sauti cha maswali. "Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Naomba niwasomee lipoti yangu."

Kipaza sauti kikazimwa. Akaendelea kwa koo tupu. "Jani hilo nililikuta Kayenze, mashina matatu. Mwenye nayo yuko gerezani. Ninyi mmeletewa soda."

Mahali fulani nyuma mtu akaiga: "Lipoti!" Kicheko kikaanza huko nyuma kikaja mpaka mbele. Mkurugenzi akatabasamu jukwaani, akasema kwa upole, "Mzee wetu amechoka na joto. Jamani, mpeni maji." Wakamshika mikono, pande mbili, kwa adabu zote, wakamtoa nje. Alikuwa bado anasoma. Alikuwa amefika kwenye habari ya ukungu.

Nesi wangu alikuwepo ukumbini. Alinunua hisa siku hiyo hiyo, baada ya kumwona akitolewa. Aliniambia baadaye alidhani mzee ana ugomvi wa malipo.

Mwisho wake mnaujua, maana hizi kampuni zina mwisho mmoja. Simu zikaacha kupokelewa. Ofisi ikakutwa ina mpangaji mwingine, anauza mapazia. Mkurugenzi hakuna anayejua alipo, na watu walipotafuta wa kumshika shati, jina waliloliona kwenye jalada lilikuwa moja tu, na mwenyewe anakaa Kiseke, haendi popote. Walimwandikia "mwizi" ukutani kwa mkaa. Mzee wa kanisani kwake alimwomba asisimame kusoma somo kwa muda. Nesi wa Nyakato alikuja kulia mbele ya geti lake, na yeye akatoka, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha ripoti halisi. Nesi akaitupa chini. "Ulikuwa nayo hii, ukaacha watuibie?" Mimi nilitaka kumrukia yule mama. Nilimwambia alisimama ukumbini, mlimcheka, mlimcheka ninyi wenyewe! Bwana Shamba aliokota karatasi zake moja moja, akasema, "Mwache. Hela yake imekwenda kwa jina langu."

Nilimsihi aende kushtaki, aende kwa waandishi. Hakwenda. Kwa hilo namlaumu mpaka leo.

Ilikuwa kabla tu hajahamia Kahama alipokuja dukani asubuhi, amevaa shati la kanisani. Bibi Kabula alikuwa ametoka, kwa msamaha wa wafungwa wazee. "Funga duka, mama," aliniambia. "Nisindikize Kayenze. Peke yangu sitafika."

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, ana ungo wa dagaa, anatoa mawe. Mdogo kuliko nilivyomfikiria. Banda la kuku lilikuwa limebaki nguzo. Bwana Shamba alivua kofia akasimama mbali kidogo, kama anasubiri kuitwa jina.

"Shikamoo, bibi."

Bibi aliinua uso akamtazama muda wa kutosha kumhesabia mvi. "Marahaba. Wewe ndiye bwana shamba."

"Ndiye mimi."

"Kaeni."

Tukakaa. Nilitegemea ataomba msamaha, au atasema maneno yake ya shahidi na swali. Hakusema hayo.

"Bibi, siku ile waliponileta hapa, niliona chungu cha maji ya kuku, pale penye nguzo. Kilikuwa na majani, yamepondwa. Niliona pia kuku wawili umewatenga, wana mdondo. Nilijua ni dawa. Dawa hiyo nimeikuta kwenye vijiji vingi maisha yangu yote ya kazi." Akaitazama nguzo. "Polisi mmoja alikipiga chungu teke. Mahakamani hakuna aliyeniuliza habari ya chungu. Nami sikusema."

Mimi nilikuwa silijui hilo. Miaka yote ile ya kumtetea, sikulijua.

Bibi Kabula aliendelea na dagaa. "Najua ulikiona," alisema. "Ulikiruka ili usikimwage. Nikasema, huyu mtu ana adabu." Akatoa jiwe, akalitupa. "Mimi niliwaambia ni dawa ya kuku, wakacheka. Nikakutazama wewe. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa serikali, akisema yeye hawatacheka. Nikangoja. Ukashuka kizimbani, ukaenda ukakaa."

Bwana Shamba aliinamia kofia yake. Mimi sikuweza kuvumilia. Nilitaka bibi ajue habari ya hotelini, ya jani ukutani, ya kicheko, ya mkaa kwenye ukuta. Ajue kwamba na yeye wamemcheka, amelipa. Nikaanza: "Lakini bibi, huyu mzee naye..."

Bwana Shamba alinishika mkono. "Hapana, mama. Hayo siyo mzigo wake."

Mawimbi yalisikika ng'ambo ya mawe, na mtu akipiga nyundo kwenye mtumbwi. Ungo ulipoisha bibi aliumimina kwenye sufuria, akachota mwingine. Hakutufukuza. Bwana Shamba akainuka, akafuta suruali, akashika kofia kwa mikono miwili.

"Nikija tena, bibi?"

Bibi Kabula hakuinua kichwa. Alikuwa amepata jiwe jingine, analigeuza kwenye vidole.

"Njia si yangu," alisema.